Wafuasi wengi hawajazi kitanda cha fundi kope

Ndugu mhariri, shikamoo kama umenizidi, na kama tuko rika moja basi mambo vipi.

Mi ni fundi kope hapa Mwanza, yaani nabandika watu kope za bandia, kazi naifanyia Nyakato. Nimeisoma ile makala yenu ya vijana na kujiajiri, ile iliyosema siku hizi mwenye simu janja hana haja ya kuhangaika na fremu wala vipeperushi, aposti tu kila siku bila kuchoka, wafuasi wakishajaa wateja watakuja wenyewe. Mabinti ninaowafundisha ndo walioniletea, "anti ona, hata gazeti limesema", na toka hapo mmoja wao kazi haiendi, kila saa yuko anahesabu wafuasi. Sasa naomba nafasi kidogo nijibu, maana ushauri huo kwa muuza nguo unaweza kuwa mzuri ila sisi wa kope unatupoteza.

Muuza magauni wa Makoroboi akipata mfuasi wa Mtwara anafunga mzigo, anaupeleka stendi Nyegezi, hela inaingia kwenye simu, kwisha. Mi mfuasi wa Mtwara namfanyia nini? Jicho halisafirishwi na basi. Mteja wangu lazima aje mwenyewe na uso wake, alale kitandani kama saa mbili ikiwa ni klasiki, ile ya kope moja ya bandia juu ya moja ya asili, voliumu, ile ya nyembamba kadhaa juu ya moja, inaweza kufika saa tatu, kafumba macho hata kuchati hawezi, halafu baada ya wiki mbili tatu arudi tena kurefili, yaani kujaziwa zilizodondoka. Mtu wa hivyo anatoka hapahapa Nyakato, Buzuruga, Mahina, Igoma, akijitahidi sana Kisesa. Kwahiyo ukiniwekea fundi mwenye wafuasi elfu kumi waliotawanyika nchi nzima na mwingine ana mia tatu wote wanashuka daladala kituo kimoja naye, mi nataka kuwa huyo wa mia tatu. Wapo mafundi hapa mjini akaunti zao zinameremeta, komenti za vimoto na mioyo hadi chini, ukienda ofisini kitanda kikavu, wenyewe wamekaa nje wanasukana. Na wapo walionunua kabisa hao wafuasi kwa hela, sijui wanategemea nani aje kulala pale.

Kinachofanya kazi ni kumpostia yule anayeweza kufika. Nianze na njia, maana Mwanza yetu hii ya mawe kuelekezana ni shughuli, mtu anakwambia "panda hapo juu kidogo tu" ukifika pumzi huna na nyumba bado hujaiona. Video iliyoniletea watu wengi kuliko zote haina hata kope moja ndani yake. Nilishuka daladala kama mteja, simu mkononi, nikatembea taratibu hadi mlangoni kwangu, hapa kuna duka la dawa, hapa yule fundi cherehani mwenye mwamvuli mwekundu, hapa usikate kushoto utaishia kwa watu, mlango ni ule wa pazia la bluu. Basi. Hakuna muziki, unasikia bodaboda na mtoto analia. Hiyo nimeibandika juu kabisa ya ukurasa wangu wa Instagram na TikTok, na mtu akiniuliza uko wapi namtumia hiyo hiyo. Nimeiweka na ofisi kwenye Google Maps, kusajili biashara pale hakulipiwi, maana kuna watu wanatafuta kope kwa kuandika tu "kope Mwanza" na wala hawana mpango wa kumfuata mtu yeyote.

Halafu hii tabia ya "bei inboksi". Jamani dada zangu, hii tabia nani alituroga nayo? Mteja anaona picha, anapenda, anataka ajue kama mfuko wake unatosha, wewe unamwambia njoo inboksi, akija anakuta umelala, ukijibu kesho yake hamu imeisha au ameshapata mwingine. Na wateja sio wajinga, wanajua kuna mafundi wanaangalia kwanza picha ya mtu, wakimuona yuko kwenye gari bei inapanda. Mi bei nimeiandika juu ya picha yenyewe, klasiki elfu 25, haibridi, mchanganyiko wa hizo mbili, elfu 35, voliumu elfu 45, na refili nimeandika mwisho wiki tatu, ikizidi hapo inahesabika kazi mpya. Anayeona ghali anapita, hanisumbui. Anayekuja anakuja ameshakubaliana na mfuko wake huko huko kwake, hatubishani.

WhatsApp pia watu wanaidharau kwa sababu haina wafuasi wa kuonyeshea wenzako. Kwangu statasi inaleta hela kuliko Instagram, ila ina masharti yake ambayo wengi hawayajui: kwa kawaida mtu haoni statasi yako mpaka awe ameseva namba yako na wewe umeseva yake. Kwahiyo kila mteja akiinuka kitandani, kabla hajajiangalia hata mara ya pili, namwambia "mama niseve hapo andika Kope Nyakato, na mi nakuseva". Akishaniseva basi nipo kwenye simu yake siku zote, na statasi inakaa saa 24 tu inafutika, sio lazima iwe kazi ya sanaa. Naweka "leo saa 8 mchana nafasi ipo, aliyekuwa aje kapata msiba". Nafasi hiyo inachukuliwa, mara nyingi na mtu wa mtaa wa pili. Ungeiweka Instagram wangeiona kesho kutwa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, picha.

Siku ya kwanza kila kope ni nzuri. Hata aliyejifunza juzi kwenye video, akachukua zile za vishada akagandisha juu ya kope tano za mteja kwa pamoja, ukimpiga picha dakika ileile anayoinuka kitandani inatoka mwake kabisa, weka na filta ndo usiseme. Ubaya unajulikana mbele ya safari, kope zinapinda kila moja na njia yake, zinachoma kona ya jicho, na zikitoka zinaondoka na kope zake mwenyewe anabaki na kipara. Wanawake wengi wa hapa wameshapita huko. Ndo maana swali la kwanza la mteja wa Mwanza, kabla hata ya bei, ni "zinakaa?" Na jibu la swali hilo haliwezi kupatikana kwenye picha ya siku ya kwanza hata uwe na kamera ya milioni tatu.

Mi naposti wiki ya pili. Mteja akirudi refili sigusi kitu, namsafisha kope kwa ile sabuni isiyo na mafuta, zikauke kwa feni, namkalisha kwenye kiti pembeni ya dirisha uso unaelekea mwanga, filta hakuna, simu upande uleule niliompigia mara ya kwanza. Halafu naziweka mbili pamoja, ya siku ile na ya leo. Mapengo mawili matatu yanaonekana, kona ya ndani huwa zinapungua, na ndo uzuri wake, maana hapo napata nafasi ya kueleza kitu ambacho mafundi wengi wanakificha: kope ya asili ina maisha yake, kila siku zinadondoka chache zenyewe hata kwa mtu ambaye hajawahi kubandika chochote, na ile uliyobandikiwa inaondoka na mwenyeji wake. Yaani anayekuandikia kwenye tangazo "zinakaa miezi miwili bila refili" anakudanganya mchana kweupe, kwa sababu ndani ya muda huo kope nyingi ulizokuwa nazo siku ya kwanza zitakuwa zimeshaachia. Mama mmoja wa Magu aliona picha zangu za hivyo akaja na akaniambia "mayu, wewe ndo wa kwanza kunionyesha mapengo". Huyo mpaka leo ni wangu na ameleta wakwe zake.

Mwanga wa dirisha nausisitiza na sababu ninayo. Ile taa ya duara kila fundi anayo siku hizi, sio mbaya, ila inaweka duara jeupe katikati ya jicho na kope zinapotea. Na kama uko karibu na ziwa ukaiwasha jioni mlango wazi, msimu wa wale wadudu wa ziwani, utajuta, wanajaa kwenye taa wanadondokea kitandani, mteja kafumba macho anauliza "anti hii ni nini inatembea?" Piga asubuhi, jua likiwa limeanza kupanda, yaishe.

Kingine ni kuongea na mteja wa hapa kwa maisha ya hapa. Mafundi wengi tunakopi video za Marekani na za Dar, mtu anacheza anaonyesha kucha, sawa. Lakini mteja wangu mmoja mkubwa ni mama anayekaanga samaki jioni barabarani. Huyo akiinama kwenye karai la mafuta ya moto kugeuza sato, lile joto linapanda moja kwa moja usoni, na hizi kope tunazobandika, hata zile zinazoandikwa eti za manyoya ya minki, nyingi ni nyuzi za plastiki. Nilichukua kope moja kwa kibano nikaisogeza juu ya jiko la mkaa, moto haijaugusa, ikajikunyata palepale. Nikarekodi, nikaongea Kiswahili cha kawaida, "mama ntilie, mama samaki, hii inakuhusu, bandika fupi, na ukifunua sufuria rudisha uso nyuma". Video ilizunguka kwenye magrupu ya vikoba huko mpaka ikanirudia mwenyewe, na akina mama wakaja, tena wale ambao siku zote walikuwa wanaamini kope ni za mabinti wa chuo. Fundi wa Malimbe yeye awapostie wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT, ajue bumu, ile hela yao ya mkopo, linatoka lini, siku hizo asitoke ofisini. Mi bumu halinihusu, mi naangalia send-off, kipaimara na Idi.

Na masuala ya gundi pia yanaleta wateja, huwezi amini. Gundi yetu inakauka kwa unyevu wa hewani, kwahiyo mvua za Machi hadi Mei ikitua tu imeshaganda, unatakiwa mkono uwe mwepesi, na kiangazi cha Juni Julai inasuasua. Nilivyoeleza hivyo mtandaoni nikionyesha tone la gundi juu ya kijiwe na kile kipimo changu cha unyevu pembeni, walionitafuta ni watu waliokuwa wamekata tamaa, kila wakibandika sehemu nyingine zinadondoka siku ya tatu. Nilipoposti kwamba mteja mpya anakuja siku moja au mbili kabla namjaribishia kope chache tu tuone kama gundi inamkataa, kuna waliocheka kwenye komenti, "unajifanya daktari". Wacha wacheke. Jicho likivimba huyo aliyecheka hatakuwepo, na kwa taarifa yenu wasomaji, jicho likivimba usikae unamtumia fundi picha inboksi umsubiri ajibu, nenda hospitali.

Kuna hili la kuposti sura za watu bila kuwauliza, hapa nitakuwa mkali kidogo. Mteja wangu mmoja alihamia kwangu kutoka saluni moja ya mjini, saluni siitaji. Siku hiyo alikuwa ameomba kikundi chake kimvumilie marejesho, kasema mwezi huu mambo magumu, jioni saluni ikamrusha statasi macho mapya yanang'aa, maandishi "mteja wetu wa leo voliumu full set". Mwenyekiti wa kikoba kaseva namba ya hiyo saluni. Nadhani mnaelewa kikao kilivyokuwa. Watu wanacheka nikisimulia lakini nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni ya kwake, kukulipa elfu 45 sio kukuuzia uso. Mi nauliza kabla hajalala, maana akishafumba macho hata akikubali hajui anapigwaje picha, na anayekataa uso wake uonekane napiga jicho moja tu kwa karibu, nyusi sizionyeshi, au sipigi kabisa. Nilivyoanza kuandika kwenye ukurasa kwamba hapa hupostiwi bila ruhusa yako nikapata wateja wa aina nyingine kabisa, walimu, wake za wachungaji, mama mmoja wa ofisi kubwa tu anakujaga na miwani myeusi.

Na wale wa kuiba picha za wenzao, mnajiharibia. Picha yangu nimeikuta kwenye ukurasa wa mtu, jina langu limekatwa pembeni, nimeijua kwa kovu dogo la mteja juu ya kope. Siku hizi jina naliweka katikati, linapita juu ya kope zenyewe, mwizi akitaka kulikata akate na jicho. Nimeripoti Instagram kule kule ndani ya programu kwamba ile ni kazi yangu, ikaondolewa. Ila hasara kubwa anaipata mwizi mwenyewe, mteja anakuja na skrini shoti anataka kama hii, utaifanyaje kazi ambayo hujawahi kuifanya?

Kuhusu kubusti, yaani kulipia posti ionekane na wengi, sina maneno mengi. Hela ipo, busti, ila Facebook na Instagram zinakuruhusu kuchagua eneo, unazungushia duara kwenye ramani, wewe zungushia mahali watu wanapoweza kutoka wakafika na kurudi siku hiyohiyo. Anayebusti Tanzania nzima anachoma hela zake. Mi duara langu zamani halikuvuka maji, mtu wa Sengerema alikuwa akifikiria kivuko anaghairi, foleni ya Kigongo ile mnaijua. Toka daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 nimelipanua hadi kule, na wanakuja kweli, mtu anatoka asubuhi, ikifika saa nne yuko kitandani kwangu, jioni yuko kwake anapika. Hao nawaomba kishika nafasi elfu tano kabla, na wanaogopa kutapeliwa, wana haki, kurasa za kitapeli ni nyingi. Ndo maana nina lipa namba, akiingiza linatokea jina la biashara lilelile analoliona kwenye kibao kwenye ile video ya njia. Namba ya mtu binafsi isiyofanana na chochote, mteja usitume hela, hata kama kope zake ni nzuri kama za malaika.

Mabinti wangu nimeshawaambia waache kuhesabu wafuasi wahesabu wanaorudi refili. Mmoja kanielewa, mwingine bado kachukia kidogo, atarudi tu.

Ombi langu kwako mhariri. Ile picha mliyoiweka kwenye makala ni jicho la bluu la Mzungu. Nyakato sijawahi kubandika jicho la bluu. Mkiandika tena habari zetu mtumeni mpiga picha huku, mteja wa kukubali kupigwa nitampata, ila aje kabla ya saa nne asubuhi maana baada ya hapo jua linapiga ukuta wa pili mwanga unakuwa mbaya, na Jumatatu asije, sifungui.

Fundi kope,
Nyakato, Mwanza